Mpini Hauuzwi kwa Picha, Unauzwa kwa Kiganja

Leo naongea na wale tunaouza zana mtandaoni: mapanga, majembe, mashoka, visu vya jikoni, na hasa wale tunaouza mipini ya kubadilishia. Najua ni biashara inayodharaulika. Ukisema unauza simu mtu anakuona wa maana, ukisema unauza mipini anacheka. Lakini mie dukani kwangu hapa Mabawa, mpini ndio unaonirudishia mteja yuleyule tena na tena. Chuma cha panga kikitunzwa kinakaa miaka. Mpini unapasuka, unalegea, unaliwa na wadudu, mtu anarudi.

Hoja yangu ni moja, naisema mapema ili asiye na muda aondoke nayo. Tumezoea kuuza mpini kwa picha na bei, wakati mpini unatakiwa uuzwe kwa kipimo cha mkono wa atakayeushika. Ukiuza kwa picha utapata oda za haraka na mizigo ya kurudishwa. Ukiuza kwa kiganja utaulizana na mteja maswali mengi mwanzoni, halafu utakuwa naye miaka.

Kuna mtu atasema, mpini ni mti tu bana, unakuza mambo. Sikuzi. Mwaka 1975 kule California, Marekani, jembe la mpini mfupi lilipigwa marufuku mashambani baada ya kesi ya vibarua kufika mpaka mahakama ya juu ya jimbo. Chuma cha jembe hakikuwa na ubaya wowote. Ubaya ulikuwa urefu wa mpini, unamlazimisha mtu ainame kutwa mpaka mgongo unaharibika. Yaani mpini uliwafikisha watu mahakamani na wakashinda.

Na sisi watu wa Tanga ndio hasa tusingepaswa kudharau mpini. Mkonge uliletwa pwani hii mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, na mwaka 1964 nchi ilizalisha takriban tani 230,000. Hesabu hiyo mtu anaisoma kama ya mashine na meli. Lakini kila jani la mkonge lilikatwa na mkono wa mtu aliyeshika kisu, na mpaka leo linakatwa hivyohivyo. Mkoa huu umejengwa na viganja. Anayeuza mpini hapa anauza kitu kinachogusa kazi ya mtu moja kwa moja.

Sasa tuje kwenye hela, maana ndiyo tunayoielewa wote.

Tuseme mpini umeununua jumla 2,500, unauza 5,000. Faida 2,500. Mteja yuko Korogwe, mzigo umepanda basi pale Kange, tuseme kifurushi ni 3,000 na amelipa yeye. Umefika, anaushika, hauingii mkononi. Ukikubali kumbadilishia, ni 3,000 kuurudisha na 3,000 kupeleka mwingine. Elfu sita. Faida ya mipini miwili imeisha na bado unadaiwa elfu moja. Ukikataa kumbadilishia, umempoteza yeye na ukoo mzima ulioko kwenye grupu lao la WhatsApp. Hapo ndipo nilipoamua kwamba dakika tano za kuuliza maswali ni rahisi kuliko nauli ya basi.

Tuna msemo wetu: aliyeshika mpini ndiye mwenye kisu, mwenzie ameshika makali. Kwenye biashara ya mtandaoni mteja ndiye aliyeshika mpini. Wewe uko kwenye makali. Komenti yake moja inakukata. Kwa hiyo hakikisha mpini alioushika umemkaa.

Sasa unampima vipi mtu usiyemuona? Mie nimejifunza kwa kushikashika, kuuliza mafundi seremala, kuangalia video na kusoma. Hivi ndivyo ninavyofanya.

1. UNENE

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Watu wanadhani mpini mnene ni starehe, mwembamba ni mateso. Ukweli uko katikati. Taasisi ya Marekani inayoshughulika na usalama kazini, NIOSH, ilitoa mwongozo mwaka 2004 wa kuchagua zana za mkono. Kwa zana za kutumia nguvu, kipenyo kinachoshauriwa ni kuanzia inchi moja na robo hadi inchi mbili, yaani kama milimita 32 hadi 51.

Kipenyo mteja hawezi kukipima nyumbani. Mzingo anaweza. Mwambie achukue futi kamba ya fundi cherehani, au uzi na rula, auzungushie mpini wake wa zamani pale anaposhika. Vipimo hivyo vya NIOSH vikigeuzwa mzingo vinakuwa kama sentimita 10 hadi 16. Ukipata namba yake, ongeza swali: unahisi ni mwembamba au mnene?

Asiye na futi kamba mwambie atafute betri mbili kubwa za tochi, zile nene za zamani za redio. Betri moja ina unene wa kama milimita 33 na urefu wa sentimita 6. Aziunganishe mbili kwa selotepu, kichwa kwa mkia. Tayari ana mpini wa majaribio: unene wa upande wa chini wa kipimo, urefu wa sentimita 12. Ashike kama anashika panga. Ncha za vidole zikichimba kiganja, anahitaji mnene zaidi. Kidole gumba kikipanda juu ya ncha ya kidole cha shahada vizuri, basi hapohapo panamfaa, au pazidi kidogo tu. Kikishindwa kabisa kuvifikia vidole vingine, huyo mkono wake ni mdogo, usimuuzie gogo.

Mpini mwembamba sana unamfanya mtu abane kwa nguvu ili usizunguke. Mnene sana unamfanya abane kwa nguvu ili usimtoroke. Yote mawili mwisho wake ni mkono kuchoka kabla ya kazi kuisha.

2. UREFU

Kwa panga na kisu, mpini uzidi upana wa kiganja. Mwongozo uleule unasema usipungue inchi nne, yaani sentimita 10. Mpini mfupi mwisho wake unaishia katikati ya kiganja, unachimba palepale kila mtu anapokata. Jioni anakwambia mkono unawaka, anadhani ni uzee.

Kwa jembe ni habari nyingine, pale unapima mtu mzima mzima. Muulize urefu wake na anavyolima, kama anasimama au anainama. Usimchagulie wewe kwa kuwa mipini mifupi inaingia vizuri kwenye buti la basi.

3. UMBO

Mpini wa panga, shoka au kisu uwe bapa kidogo kama yai lililolazwa, usiwe wa mviringo kamili kama mwichi. Ule wa mviringo unazunguka mkononi, mtu hajui makali yameangalia wapi mpaka aangalie. Ule wa umbo la yai, mkono wenyewe unajua makali yako upande gani hata gizani. Na mwishoni uwe na kidomo, uvimbe mdogo wa kuzuia mkono kuteleza. Kwa mtu anayekata kwa nguvu, kidomo hicho ndicho kinachozuia panga kumtoka likaenda kwa mwenzie.

Halafu kuna ile mipini yenye mashimo ya vidole, imechongwa migongomigongo minne. Kwenye picha inavutia kweli. Mie siisifii tena. Ile migongo imechongwa kwa mkono mmoja tu duniani, wa yule fundi au wa ile mashine. Mwenye vidole vinene anakaa juu ya mgongo badala ya shimoni, mwenye vidole vyembamba anapwaya. Mpini laini usio na mashimo unamkubali kila mtu, na unamruhusu abadilishe mshiko kazi ikiendelea. Ukiuza wa mashimo, uza kwa mtu aliyekwisha kuushika. Mtandaoni mie nauacha.

4. MALI GHAFI

Mbao. Kwa pwani yetu, mpera na mchungwa ni miti ya mipini haswa: migumu, nyuzi zimeshikana, ikipigwa msasa inakuwa laini bila vibanzi. Muheza kuna michungwa mpaka basi, na mti mzee ukikatwa watu wanaufanya kuni. Ongea nao. Mkwaju pia ni mgumu ila unampa fundi kazi. Angalia vitu viwili: nyuzi za mbao ziende urefu wa mpini, zisikate kwa mshazari, maana hapo ndipo utakapovunjika. Na mbao iwe imekauka kivulini. Mbao mbichi unauza leo imebana vizuri, inasinyaa, mwezi ujao mpini unacheza. Huo ndio mpini wa waja leo waondoka leo. Na mikoko tuiache, ile si ya kukata bila kibali.

Plastiki. Rahisi, haiozi, haililiwi na mchwa. Lakini ikishikwa na jasho inateleza, na ikiachwa juani miezi mingi inapasuka. Kwa mtu wa kazi ya nusu saa nyumbani inatosha. Mwambie hivyo.

Mpira. Huu ndio unaouzika kwa picha, hasa mwekundu na mweusi. Ni mzuri kwa mkono uliolowa. Mama anayeparua samaki pale Deep Sea anahitaji mpira au plastiki yenye vipele, siyo mbao iliyong'arishwa. Ila mpira laini mno una tatizo lake: unajikunja mkononi kila unapokata, ngozi inasuguliwa kidogokidogo, na mwisho lengelenge linatoka uleule kama la mbao mbovu. Mpira bora bonyeza kwa kidole gumba: uingie kidogo na urudi palepale. Ukibaki na shimo, uache dukani kwa mwenye nao.

Vanishi. Wauzaji tunaipenda kwa sababu inang'aa kwenye picha. Mkono hauipendi. Inateleza na inachoma mtu akishika kutwa. Mie nawaambia mafundi wangu wapige msasa mzuri na kupaka mafuta ya kitani, basi. Yale yanakauka ndani ya mbao, hayabaki kunata. Ila kitambaa ulichopakia kitandaze kikauke nje, usikikunje ukakitupa kwenye kona, kinaweza kushika moto chenyewe. Na wale wanaochovya mipini kwenye oili chafu ya gari ili iwe myeusi, acheni. Ile oili ni sumu kwa ngozi, na kiganja kinashinda juu yake kutwa.

Mteja asiye na hela ya mpini mpya mpe ushauri wa bure: tyubu kuukuu ya baiskeli. Tanga yetu hii ya baiskeli haikosi. Aikate ukanda mrefu, aivute na kuuzungushia mpini, auongeze unene kidogo na mshiko. Utasema nimempoteza mteja. Siku mpini ukivunjika kabisa atamkumbuka nani?

5. UNAVYOKAA KWENYE CHUMA

Hapa hakuna kubahatisha. Mpini unaweza kuutosha mkono na usiingie kwenye chuma.

Panga lina msuka bapa wenye matundu, na mpini wake ni vipande viwili vinavyobanwa kwa ribiti. Matundu hayalingani kutoka kiwanda hadi kiwanda. Mteja aondoe mpini mbovu, alaze msuka juu ya karatasi, achore kwa penseli pamoja na matundu, kisha apige picha akiwa ameweka rula pembeni. Picha bila rula ni picha ya kumbukumbu.

Shoka na jembe la tundu, apime tundu urefu na upana, na aseme kama ni duara au yai. Mpini uje mnene kidogo kuliko tundu ili uchongwe na kubanwa kwa kabari. Ukienda mwembamba hata kabari haitausaidia, siku moja kichwa cha shoka kinaruka. Jembe la msuka, apime urefu na unene wa msuka, na tundu la mpini liwe dogo kidogo ili chuma kijiingizie chenyewe kwa kupigwa.

Hebu nionyeshe mazungumzo yanavyokwenda, ili usiseme ni nadharia. Huyu alikuwa mama mmoja wa upande wa Mkinga, aliona picha ya mpini mwekundu wa mpira.

"Naomba huo mwekundu, bei gani?"

"Shikamoo mama. Huo ni elfu saba. Ni wa kazi gani, na atakayeshika ni nani?"

"Marahaba mwanangu. Wa panga la kufyekea, nashika mwenyewe."

"Sawa mama. Huo ulionao sasa unakuumiza wapi?"

"Hapa kwenye kidole gumba. Usiku hakilali. Na katikati ya kiganja limetoka lengelenge."

"Pole mama. Una betri kubwa za tochi hapo nyumbani?"

"Ninazo. Mpini na betri wapi na wapi?"

Nikamweleza. Akaunganisha mbili, akashika, akaniletea picha. Kidole gumba kimelala juu ya cha shahada vizuri kabisa. Ule mpini mwekundu ulikuwa na mzingo wa sentimita 15, kwa mkono ule ulikuwa gogo. Nikamwambia, mama, huo mwekundu utakuumiza zaidi ya ulionao, nina wa mpera wa elfu sita, mzingo sentimita 11, hauna mashimo. Akauliza kama unang'aa. Nikasema haung'ai. Akanyamaza kidogo, akatuma hela.

Nimepoteza elfu moja ya bei siku ile. Wiki tatu baadaye akaagiza mingine minne ya wanawake wa kikundi chao, na kila mmoja alikwisha kushika betri. Sikuuliza hata swali.

Na hapo nataka kusema jambo linaloniuma. Mashamba ya nchi hii yanalimwa na wanawake kwa sehemu kubwa, lakini nenda kanunue mipini kwa jumla uone. Unakuta dazeni nzima saizi moja, kama vile nchi nzima ina mkono wa baharia. Nilishawahi kumuuliza msambazaji mmoja mbona hana saizi ndogo, akanijibu wanawake watazoea. Watazoea nini? Kukesha na kidole? Sugu ya mkono watu wanaisifia kama medali, lakini sugu nyingine ni ushahidi wa mpini mbovu tu. Sisi wadogo tunaweza kulibadilisha hili, kwa sababu sisi ndio tunaoongea na mteja. Ukiagiza, taka saizi mbili au tatu. Fundi wa mtaani atakuchongea, mbona. Na ukipiga picha, andika mzingo wa kila mpini, usiandike "mzuri sana, imara."

Najua pingamizi zenu. Ya kwanza: muda. Mwenye oda hamsini kwa siku hawezi kuulizana na kila mtu kuhusu betri. Kweli. Lakini wengi wetu humu hatuna oda hamsini, tuna tano, na mbili zinarudi. Na maswali unayaandika mara moja tu, ukayahifadhi kwenye simu, ukawa unabandika.

Ya pili: mteja ndiye anayetaka ule mwekundu, mie nani nimkatalie? Usimkatalie. Mwambie kipimo, mwambie utakavyomkaa, halafu akisisitiza muuzie. Ila akumbuke ulimwambia, na mazungumzo yapo kwenye simu. Hata Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inatambua kwamba mnunuzi akikueleza kazi anayotaka kufanyia kitu na akategemea ujuzi wako, kitu kinapaswa kuifaa kazi hiyo. Kwa hiyo ukishauliza kazi, jibu kwa ukweli. Kama huna mpini wake, sema huna. Mwelekeze hata kwa mwenzako wa Mgandini au Makorora.

Ya tatu: washindani wanauza rahisi. Wacha wauze. Anayeshindana kwa bei peke yake, kesho anakuja mwenye bei ya chini zaidi. Anayejua mkono wa mteja wake, na kaandika kwenye daftari "mama wa Mkinga, mzingo 11, panga," huyo kumnyang'anya mteja si rahisi. Mie daftari langu nalithamini kuliko picha zangu zote.

Haya, ujumbe wenyewe ni huu. Nakili, badilisha utakavyo, weka kwenye simu yako:

"Habari, asante kwa kuniamini. Kabla sijafunga mzigo naomba mambo manne. Moja, ni wa zana gani na kazi gani. Mbili, atakayeshika ni nani, na wa zamani unamuumiza wapi. Tatu, mzingo wa mpini wa zamani kwa futi kamba, au picha akiwa ameshika betri mbili kubwa zilizounganishwa. Nne, picha ya msuka au tundu la chuma, rula ikiwa pembeni. Nikipata hivyo nitakwambia ukweli kama ninao unaokufaa."

Jaribu kwa oda zako kumi zinazofuata, uhesabu mwenyewe ngapi zimerudi. Kwenye komenti niandikieni mnauza mipini ya mti gani huko mliko, na kama kuna aliyepata msambazaji wa saizi ndogo asinifiche, namtafuta mpaka leo.

Biashara njema.